Nani Hasa Alipaye Kodi?



Yako maneno yanayopendwa sana mijini, na siku hizi hata sisi wa mashambani tumeanza kuyaamini, ya kwamba mkulima mdogo halipi kodi. Husemwa ya kuwa kodi hulipwa na watu wa mshahara na wenye makampuni, na mkulima hula tu matunda ya kodi ya wenzake: barabara, zahanati, shule na Bwana Shamba. Mimi ni karani katika afisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu, kwa hiyo nimezoea kutazama hesabu pande zote mbili. Nasema maneno hayo si kweli. Mkulima mdogo hulipa kodi kila siku, ila haioni. Na hilo ndilo baya, maana mtu asiyejua anacholipa hawezi kuuliza kimetumiwaje, wala hawezi kusema kimezidi.

Sina nia ya kumwambia mtu yeyote asilipe kodi. Barabara ya kupitishia maziwa wakati wa masika hutengenezwa kwa kodi, na dawa za zahanati hununuliwa kwa kodi. Lakini kodi ni kama mbolea. Ziko aina nyingi, na kila aina ina kazi yake. Mtu atiaye mbolea ya kukuzia mahali pa mbolea ya kupandia hupoteza fedha zake, ijapokuwa magunia yote mawili yameandikwa "mbolea". Vivyo hivyo yatupasa tujue kila kodi ni ya namna gani, na mzigo wake hutua mabegani mwa nani.

AINA ZA KODI

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, imegawanya kazi hii. Serikali ya taifa ndiyo iwezayo kutoza kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani ambayo wengi twaiita VAT, ushuru wa forodha juu ya vitu viingiavyo nchini, na ushuru wa bidhaa kama vile bia na sigara. Kaunti nazo zaweza kutoza kodi ya ardhi na majumba, kodi ya burudani, na malipo ya huduma zake. Huko kwenye kaunti ndiko tunakokutana na ada ya soko, leseni ya duka, na ule ushuru wa mazao ambao wengi huuita sesi.

Wataalamu huzigawa kodi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kodi za moja kwa moja: mtu huhesabiwa mapato yake, naye hulipa kwa kadiri ya mapato hayo. Fungu la pili ni kodi zilizotiwa ndani ya bei: mwenye duka au mchuuzi huzipeleka serikalini, lakini fedha zenyewe hutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Fungu la kwanza humwuliza mtu, "Umepata kiasi gani?" Fungu la pili halimwulizi neno.

KODI ILIYOTOKA MLANGONI

Zamani mambo yalikuwa wazi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, nayo ilihesabiwa kwa kila nyumba. Mtu mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu, na kwa sababu hiyo watu wengine walijibana wengi katika nyumba moja. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa ili vijana wasio na nyumba nao wapatikane. Maskini na mwenye ng'ombe mia walitozwa kwa kiwango kimoja, na asiyekuwa na fedha hakuwa na budi kwenda kutafuta kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi. Hiyo ilikuwa mojawapo ya nia za kodi zile.

Katika miaka ya 1960 ilikuwapo kodi ya madaraja, ambayo mwenye mapato mengi alilipa zaidi. Mapema katika miaka ya 1970 kodi hiyo ikafutwa, na mwaka 1973 ikaanza kodi ya mauzo. Mwaka 1990 VAT ikachukua mahali pake. Mtoza kodi hakupiga hodi tena nyumbani kwa mkulima, na ilikuwa rahisi kudhani ya kuwa kodi imekwisha. Kwa kweli kodi ilitoka mlangoni ikaingia dukani.

HESABU YA SABUNI

Basi tufanye hesabu. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka kiwango cha kawaida kuwa 16 kwa mia. Tuseme mche wa sabuni wauzwa shilingi 116. Shilingi 100 ni za sabuni, na 16 ni za Serikali. Kibarua apataye shilingi 400 kwa siku hununua mche huo, na mtu apataye shilingi 8,000 kwa siku hununua mche kama huo huo. Kibarua ametoa sehemu moja katika 25 ya mapato yake ya siku ile. Yule mwingine ametoa sehemu moja katika 500. Kodi ni ile ile, lakini mzigo si ule ule.

Mtu atanijibu ya kuwa tajiri hununua vitu vingi zaidi, kwa hiyo hulipa VAT nyingi zaidi. Kwa hesabu ya shilingi ni kweli. Lakini hafui nguo mara ishirini zaidi ya kibarua. Fedha zinazombakia huziweka benki au hununua hisa, na fedha zilizowekwa hazitozwi VAT. Kibarua hana kinachobaki. Karibu kila shilingi yake hupita dukani.

Ndiyo sababu sheria huvitenga vyakula kadhaa vya lazima visipandishwe bei na VAT, na ndiyo sababu jambo la mkate liliwagusa watu sana mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka mkate wa kawaida utozwe 16 kwa mia. Shauri la mkate liliondolewa mwezi wa Juni, lakini mengine yalibaki, na baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni, ambamo watu walikufa, Rais alikataa kuutia sahihi mswada wote. Kodi ya mkate ni jambo dogo kwa mtu ambaye mkate ni sehemu ndogo ya matumizi yake.

Kodi ya mapato hufuata njia nyingine. Viwango vya mshahara vya mwaka 2023 vilianza na 10 kwa mia juu ya shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, vikapanda hadi 35 kwa mia juu ya kila shilingi iliyozidi 800,000. Tena kila mlipaji alipewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Ndiyo kusema, mtu wa mshahara wa 24,000 hakulipa kodi hiyo hata senti moja. Mzigo huanza kwa mwenye uwezo, nao huzidi kadiri uwezo uzidivyo.

HESABU YA MAGUNIA

Sasa tuje kwetu shambani. Tuseme mkulima ameuza magunia 20 ya viazi kwa shilingi 2,000 kila gunia. Amepata 40,000. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua vimemgharimu 36,000. Faida yake ni 4,000. Tuseme tena kaunti yake hutoza shilingi 50 kwa gunia, ingawa kiwango cha kaunti moja si cha nyingine. Ushuru ni shilingi 1,000. Kwa macho 50 katika 2,000 ni kidogo. Lakini 1,000 katika faida ya 4,000 ni robo nzima.

Mwaka wa pili bei imeanguka hadi 1,700. Mkulima amepata 34,000, naye alitumia 36,000. Amepata hasara ya 2,000. Kodi ya mapato ingemwambia, "Hukupata faida, huna deni." Ushuru wa gunia hausemi hivyo. Unataka 1,000 ile ile, na hasara inakuwa 3,000. Kodi inayohesabu magunia pasipo kutazama faida humwumiza mtu zaidi katika mwaka ule ambao ameumia tayari.

Msomaji atasema, "Lakini ushuru huo hulipwa na mchuuzi mwenye lori pale kizuizini, wala si mimi." Jina la stakabadhi ni la mchuuzi, nakubali. Lakini mchuuzi kabla hajafika kizuizini amepita shambani kwako. Anajua atatozwa kiasi gani mbele, na pengine mara mbili akivuka kaunti mbili, naye amekwisha kuipunguza fedha hiyo katika bei aliyokupa. Katiba, katika kifungu kile kile cha 209, yakataza kaunti kutoza kwa namna ya kuzuia bidhaa kupita kutoka kaunti moja kwenda nyingine. Hata hivyo vizuizi twaviona, na bei ya shambani yajua habari zake.

ASIYEWEZA KUNGOJA

Hapa ndipo penye fundisho ambalo nataka kila msomaji alishike. Sheria husema nani apeleke fedha serikalini, lakini haiwezi kusema zitoke mfuko wa nani. Hilo huamuliwa sokoni, na huko mzigo wa kodi humwendea yule asiyeweza kungoja.

Mwenye nyanya zilizoiva hawezi kungoja. Kesho zitaoza. Mwenye maziwa hawezi kungoja hata hadi jioni. Mchuuzi akisema, "Ushuru umepanda, nitakupa pungufu," huna la kufanya ila kukubali. Huyo hurudishiwa kodi kutoka mbele. Mama anayenunua mafuta ya taa kwa ajili ya usiku huu naye hawezi kungoja. Mwenye duka akipandishiwa kodi humwongezea bei, naye atalipa. Huyo husukumiwa kodi kutoka nyuma. Mkulima mdogo ni watu hawa wawili katika mtu mmoja: asubuhi ni muuzaji asiyeweza kungoja, jioni ni mnunuzi asiyeweza kungoja. Kwa hiyo hupata mzigo wa pande zote mbili, kisha huambiwa halipi kodi.

MSAMAHA WENYE MWIBA

Liko jambo jingine ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Mazao ambayo hayajatengenezwa kiwandani yamesamehewa VAT. Hilo ni jema, maana mkulima hatozi VAT juu ya mahindi yake. Lakini msamaha huo una mwiba. Mwenye kiwanda aliyeandikishwa kwa VAT, akinunua mabati ya shilingi 58,000 kwa kazi yake, hudai zile 8,000 za VAT zilizomo ndani. Mkulima aliyesamehewa hana mlango wa kudai. Akinunua mabati hayo hayo kwa ghala lake, zile 8,000 zimekwenda. Hali kadhalika mafuta ya pampu ya maji, ambayo VAT yake ilipandishwa mwaka 2023 kutoka 8 kwa mia hadi 16. Aliyesamehewa kutoza hakusamehewa kulipa.

MAONI YANGU

Sisemi kodi zote zilizotiwa ndani ya bei ni mbaya. Ushuru wa sigara na bia mtu aweza kuukwepa kwa kuacha, na pengine afya yake itamshukuru. Lakini chakula, sabuni, mafuta na gunia la mazao hakuna awezaye kuviacha.

Kwa kaunti, neno langu ni hili. Zitegemee zaidi kodi ya ardhi na majumba, hasa viwanja vya mjini vikaavyo bure vikingoja kupanda bei, na zipunguze ushuru wa gunia. Najua ni vigumu. Kuweka kizuizi barabarani ni kazi ya siku moja, na kuandika daftari la thamani ya viwanja ni kazi ya miaka. Najua pia ya kuwa yuko mjane mwenye ardhi na asiye na fedha, naye lazima alindwe. Lakini mwenye kiwanja aweza kungoja, na mwenye nyanya hawezi. Nikiulizwa nimtwike nani, jibu langu ni hilo.

LA KUFANYA

Kwanza, daka stakabadhi kila ulipapo ada au ushuru. Fedha isiyo na stakabadhi pengine haikufika serikalini kabisa. Pili, andika katika daftari la shamba lako matumizi na mauzo yote, hata ya shilingi kumi. Ukisimama barazani ukasema, "Ushuru ulichukua robo ya faida yangu, hesabu ni hii," utasikilizwa kuliko mtu anayelia tu ya kuwa maisha ni magumu.

Tatu, hudhuria baraza. Kifungu cha 201 cha Katiba chasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na ya kuwa wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Kifungu cha 210 chasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Kila mwaka Bunge huletewa Mswada wa Fedha, na kaunti nazo huwa na wao. Wenye makampuni hupeleka mawakili na wahasibu. Mkulima asipokwenda, viazi vyake vitasemewa na mtu asiyelima.

Nne, ungeni mkono chama chenu cha ushirika, hasa katika mambo ya ghala na ya kupoza maziwa. Watu hudhani ghala ni la kuzuia fukusi tu. Ghala pia humpa mkulima nafasi ya kungoja. Awezaye kungoja wiki mbili aweza kumwambia mchuuzi, "Ushuru huo lipa wewe."