Mstaafu, Presha na Mkutano wa Mtaa



Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuongea habari za magonjwa, chakula bora na usafi wa nyumba. Mwezi huu tunaleta jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni la siasa. Sisi tunasema ni la afya. Mzee aliyestaafu anaweza kumeza vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa, lakini kama zahanati yake haina dawa mwezi ujao, kama maji hayatoki bombani na mfereji wa mbele ya nyumba umeziba, afya yake itazidi kudhoofika. Mambo hayo huzungumzwa karibu sana na nyumbani kwake. Bahati mbaya, siku yanapozungumzwa, mara nyingi mzee mwenyewe hayupo.

MAISHA BAADA YA KAZI

Kwa sheria zetu mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Hapa Tunduma na katika mkoa mzima wa Songwe tunao wastaafu wa kila aina: walimu, wauguzi, askari, madereva wa barabara kuu ya kwenda Zambia, na wazee ambao ujana wao ulikwenda na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Pamoja nao wapo wakulima wa kahawa wa Mbozi na wakulima wa mahindi na maharage wa Ileje na Momba. Hao hawana barua ya kustaafu wala pensheni. Wanaacha kulima siku jembe linapowashinda.

Anayetoka ofisini hupatwa na mabadiliko ambayo hakuyatazamia. Jana alitembea kwenda kazini, leo hana safari. Jana kengele ilimwamsha, leo anaamka bila ratiba. Chai yenye sukari nyingi inaanza asubuhi, kiti kinawekwa kivulini, redio inafunguliwa, wenzake wanafika, na mazungumzo yanaendelea mpaka ugali uwe tayari. Mwili uliokuwa ukifanya kazi miaka thelathini sasa unakaa. Uzito unaongezeka, usingizi unapungua, na mawazo yanazidi: karo ya wajukuu, nyumba isiyoisha, pensheni isiyotosha.

PRESHA HAIPIGI HODI

Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani presha. Kadiri umri unavyosogea, ndivyo hatari inavyokua. Kipimo kikirudia kuonyesha 140 juu au 90 chini, mtu anahitaji msaada wa mganga.

Ubaya wa presha ni kwamba kwa kawaida haiumi. Mzee anajisikia mzima, anaacha dawa kwa sababu kichwa hakiumi, au anameza kidonge siku moja na kuruka siku mbili ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Kisha siku moja mkono haunyanyuki na mdomo umepinda: ni kiharusi. Familia iliyookoa shilingi chache za dawa sasa inamlisha baba kwa kijiko. Dawa ya presha ni ya kila siku. Wala isinunuliwe kwa mchuuzi wa sokoni au kuagizwa ng'ambo ya mpaka bila cheti, maana hujui imekaa juani siku ngapi, wala kama ndiyo uliyoandikiwa.

SIASA YA KIJIWENI NA SIASA YA MTAA

Sasa tuje kwenye hoja yetu. Wazee wetu wanapenda siasa, na hilo si kosa. Ukikaa nao utasikia habari za Bunge, za vyama, na hasa za kikotoo cha mafao. Wana sababu. Mwaka 2018 kanuni mpya ilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, wakati baadhi ya mifuko ilikuwa ikilipa asilimia 50. Wafanyakazi walilalamika, na Desemba mwaka huo huo Serikali ikaisimamisha. Mwaka 2022 kikaja kiwango cha asilimia 33. Malalamiko yakaendelea, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kukipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa kwenye kundi la 25. Wapo ambao bado hawajaridhika. Hata hivyo kuna somo hapa: watu walisema, na kanuni ikabadilika.

Kama sauti ilifika Dodoma, itashindwaje kufika kwa mwenyekiti wa mtaa? Lakini wazee wale wale wanaoijua bajeti ya Taifa hawajui zahanati yao ilipokea fedha kiasi gani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Kamati hiyo ndiyo inayopitia mipango na matumizi. Je, mjumbe wenu ni nani? Mara ya mwisho aliwaletea taarifa lini?

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, nchi yetu imekubali kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Vituo vingi vina dirisha la wazee na bango la kuwatanguliza. Ni jambo jema. Lakini bango halishushi presha. Mzee anatangulizwa mstari, anapimwa mapema, kisha anaambiwa dawa hakuna, akanunue. Hapo amesaidiwa kufika haraka kwenye kukosa. Mwenye uwezo wa kuuliza kwa nini dawa za presha zinakwisha kabla ya mwezi ni yule anayehudhuria mkutano, siyo anayenung'unika kijiweni.

Ndivyo ilivyo pia kwa maji, takataka, na barabara yenye malori ambayo mzee mwenye macho hafifu anaivuka kwenda misani. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha forodha, na biashara imekua. Mji unaokua hivyo unatoa vumbi, moshi na uchafu, na kifua cha mzee ndicho kinachoumia kwanza.

"MZEE APUMZIKE"

Wengine watasema mzee aachwe apumzike na asali rozari. Tunajibu kwamba Simeoni na Anna walikuwa wazee sana, tena watu wa sala, na ndio waliosema hekaluni waziwazi kuhusu Mtoto Yesu. Sala haikuwafunga mdomo. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima, na bado alizunguka kutafuta amani ya Burundi mpaka karibu na kifo chake mwaka 1999. Alipumzika madaraka, hakupumzika kuwajali watu.

Wengine wanaogopa. Mji wetu umeshuhudia ushindani mkali wa vyama, na mzee akisimama kuuliza swali huulizwa yeye ni wa upande gani. Tuseme wazi: bomba la maji halina kadi ya chama, wala presha haiulizi ulimpigia nani kura. Viongozi wa mitaa na vijiji waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wana kipindi cha miaka mitano, nao ni viongozi wa wakazi wote. Mzee mwenye mvi anayeuliza kwa upole na kwa takwimu ni vigumu kumnyamazisha.

TUFANYE NINI?

1. Kila mwenye miaka 40 na zaidi apime presha na sukari walau mara moja kwa mwaka. Mwenye dawa asiache bila ruhusa ya mganga.

2. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo kwenye mboga. Punguza sukari kwenye chai. Mboga za majani, maharage na matunda ya msimu viwepo mezani.

3. Tembea nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Kwenda kwa miguu kwenye jumuiya au shambani kunatosha.

4. Miezi ya baridi, Juni na Julai, usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ni sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

5. Kila jumuiya ndogondogo iwe na orodha ya wazee wake: nani anaishi peke yake, nani hana kadi ya matibabu, nani ameishiwa dawa. WAWATA na vijana wa VIWAWA wagawane kuwatembelea na kuwasindikiza zahanati.

6. Jumuiya ichague wazee wawili wahudhurie kila mkutano wa mtaa au kijiji, na warudi kutoa taarifa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Usipoitishwa, ulizeni.

7. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo imezingatia watu wasio na uwezo. Wazee mfuatilie ili wajane na wakulima wasio na pensheni wasisahaulike wakati majina yanapoandikwa. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ofisini au shambani. Huku Bara bado hatujafika hapo, na ni haki kuliuliza hilo pia.

Vijana, msiwaachie wazee kazi hii peke yao. Mpelekeni babu kwa bodaboda ya taratibu, mpeni kiti cha mbele, msikilizeni. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi tuwapeleke wazee pale neno linapoamuliwa.

Mungu awajalie wazee wetu afya na sauti.