Menyu Moja, Majina Mangapi? Skripti na Istilahi katika Mitandao ya Ndani

Kwa muda mrefu, mjadala wa istilahi za TEHAMA miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili umezunguka maneno machache: tarakilishi au kompyuta, wavuti au mtandao, nywila au nenosiri. Mjadala huo una faida yake, ila umeacha mlango mmoja bila bawabu. Mlango huo ni menyu, ile orodha fupi ya majina yanayokaa juu au ubavuni mwa ukurasa, ambayo mfanyakazi huitazama mara nyingi kwa siku kuliko anavyofungua kamusi kwa mwaka.

Kampuni kubwa aghalabu huwa na intraneti, yaani mtandao wa ndani ambao watu wa nje hawaufikii. Kila idara hupewa tovuti yake humo, na kila tovuti huwa na msimamizi wake. Hapo ndipo vurugu huanzia. Idara moja huandika "Rasilimali Watu", ya pili "Utumishi", ya tatu "Wafanyakazi", ilhali zote zinaelekeza mahali pamoja. Ukurasa wa kwanza huitwa "Mwanzo" hapa na "Nyumbani" pale. Lawama si ya watu pekee. Katika SharePoint, programu ya Microsoft inayotumika sana kwa kazi hii, kila mkusanyiko wa tovuti ulikuwa na menyu yake, wala menyu hiyo haikuvuka yenyewe hadi mkusanyiko mwingine. Tovuti za kitovu, ambazo huzigawia nyingine menyu ya pamoja, zililetwa mwaka 2018 tu.

Mafundi walijibu kwa skripti. Majina na viungo huandikwa mara moja katika faili moja. Skripti huisoma faili hiyo, huingia tovuti moja baada ya nyingine, hufuta menyu kuukuu na kuandika mpya kwa mpangilio ule ule. Jina likibadilika, hubadilishwa mahali pamoja, na kufikia asubuhi tovuti zote zimelingana. (Fundi mwenye busara huhifadhi kwanza nakala ya menyu ya zamani, kwani kazi ikikatika baina ya kufuta na kuandika, idara nzima huamkia ukurasa usio na menyu.)

Ni ufumbuzi mzuri, na haustahili kubezwa. Hata hivyo, skripti hueneza neno, haichagui neno. Kosa lililokuwa la idara moja huwa la kampuni nzima kabla ya mapambazuko. Chukua neno la Kiingereza lenye maana ya likizo na pia ya kuondoka. Mfasiri aliyepewa orodha kavu, bila kuona ukurasa wenyewe, huenda akaandika "Ondoka". Mfanyakazi anayetaka kuomba siku zake za mapumziko ataogopa kubofya.

Lipo pia suala la upatanisho wa kisarufi. Skripti nyingi huunda majina kwa kuunga vipande: nomino hutoka katika faili, kivumishi "mpya" huwa kimeganda ndani ya amri. "Fomu mpya" hupita, "nyaraka mpya" hupita. Kisha hutokea "vyeti mpya" na "matangazo mpya", na Kiswahili huchechemea mbele ya kadamnasi. Faili yenye safu ya ngeli, ya umoja na ya wingi ingeliondoa tatizo hili, lakini safu hiyo haiwezi kujazwa na asiyejua ngeli ni nini.

Hata ritifaa ina kisa chake. Kampuni ya utangazaji ikitaka kuweka "Ving'amuzi" katika menyu, alama hiyo ndogo huweza kuivunja skripti, maadamu katika lugha za amri kama PowerShell alama hiyo hiyo hufungua na kufunga matini. Dawa ni rahisi: huandikwa mara mbili, au matini huzungushiwa alama nyingine za kunukuu. Asiyejua dawa huandika "Vingamuzi", akidhani hajapoteza kitu.

Wapo wasemao kwamba ofisi za Kenya huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo suala hili ni la anasa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kweli, kampuni binafsi haikulazimishwa nacho kubadilisha menyu yake. Lakini dereva, mlinzi na karani wa ghala nao huomba likizo, tena mara nyingi kupitia ukurasa ule ule anaoutumia meneja.

Vyuo vikuu hufunza istilahi kama historia ya maamuzi ya mabaraza. Ingefaa mwanafunzi apewe faili halisi ya menyu, aisahihishe, na aone skripti ikiisambaza. Faili yenyewe ni fupi, na kazi yake haihitaji zaidi ya alasiri moja. Kwa sasa, aghalabu aifunguaye ni fundi wa kompyuta peke yake.