Hewa inayotoroka inakula mazutu yetu

Wanachama wengi wanasema hewa iko ya bure. Ile ya nje, ndiyo. Lakini hewa ambayo kompresa inasukuma kwenye mashini ya kuchagua kahawa kwa rangi, ile inayopuliza punje mbaya zianguke pembeni, tunailipa kwa mazutu ya jenereta, na pesa ya mazutu inakatwa kwenye bei ya kahawa yetu. Tundu moja la milimita 3, kwa presha ya bari 7, linakula zaidi ya kilowati 3. Hiyo iko karibu litre moja ya mazutu kila saa!

Ndiyo maana tunapinga mawazo ya kununua kompresa kubwa mbele ya kupima. Kupandisha presha nayo si dawa: tundu ni lile lile, hewa inatoka nyingi zaidi.

Jioni, kazi ikiisha, mufunge mashini zote, muache kompresa peke yake. Ikirudia kuwaka bila mtu kutumia hewa, inavuja. Mupake maji ya sabuni kwenye maungio, mipira, na vali ya kutolea maji chini ya tangi. Penye povu kufura, ndipo. Mutoe presha yote kabla ya kufungua kitu.

Kazi hii isiachiwe fundi kwa mapenzi yake. Kamati imupe saa moja kila juma, aandike kwenye daftari, na daftari isomwe mbele ya mkutano mkuu pamoja na hesabu ya mazutu.