Usidanganywe na lebo, baridi ya mlimani haina huruma

Msomaji, kila likizo za Agosti na Desemba zinapokaribia, watu wengi hupita katika kliniki yangu wakitaka kupimwa kabla ya kwenda kuupanda Mlima Kenya. Kuna wafanyakazi wa benki, kuna walimu, na kuna wanafunzi wa vyuo. Huniuliza kuhusu dawa za kuzuia maradhi ya mwinuko, kuhusu maji ya kunywa na hata kuhusu malengelenge ya miguu. Lakini ni nadra mtu kuniuliza, "Daktari, nitalala ndani ya nini?"

Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza ambalo lingefaa kuulizwa. Mtu akitembea mchana, misuli yake hufanya kazi na kumpasha joto. Usiku hali hubadilika. Amechoka, ametulia, na jua limetua. Hapo kinachomlinda ni mfuko wa kulalia tu.

Mimi mwenyewe niliyajua haya kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda watu watano kwa njia ya Sirimon. Mifuko tuliikodi hapa Nairobi. Kwenye lebo ya mfuko wangu paliandikwa kwa herufi kubwa: nyuzi 10 chini ya sufuri. Nikajiambia, basi hata barafu na ije! Usiku wa pili tukawa kambi ya Shipton, iliyo kiasi cha mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Sikupata hata lepe la usingizi. Meno yaligongana hadi alfajiri.

Mwenzetu mmoja yalimfika makubwa zaidi, kwa kuwa mfuko wake ulikuwa umelowa mvua njiani. Mnamo saa nane za usiku alianza kusema maneno yasiyoeleweka, na vidole vyake vikashindwa kufungua zipu. Tulimvua nguo zenye unyevu, tukamvika kavu pamoja na kofia ya sufu, tukamlaza katikati ya watu wawili na kumpa chai ya sukari kidogo kidogo. Kulipokucha tukateremka naye. Kilele cha Lenana hatukukiona, lakini tulirudi nyumbani sote.

Niliporudi niliisoma ile lebo upya. Msomaji, hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Mfuko uliopimwa kwa viwango vya kimataifa vya ISO 23537 huwa na nambari tatu. Ya kwanza ni ya starehe, yaani baridi ambayo mtu asiyestahimili sana, hasa mwanamke wa wastani, anaweza kulala bila kutetemeka. Ya pili ni ya mpaka, ambapo mwanamume wa wastani anaweza kulala akiwa amejikunyata. Ya tatu ni ya hatari. Hiyo humaanisha kwamba huenda usife kwa saa chache, ingawa waweza kudhurika na baridi. Nambari niliyoiamini mimi ilikuwa hiyo ya tatu!

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: nunua au kodi mfuko kwa kufuata nambari ya starehe. Muuzaji akikuonyesha nambari moja tu, muulize ni ipi kati ya hizo tatu. Asipojua, ihesabu kuwa ni ile ya hatari.

Utajuaje baridi utakayoikuta? Kwa kukadiria, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700. Usiku wa nyuzi 12 hapa mjini waweza basi kuwa nyuzi 3 au 4 chini ya sufuri pale Shipton, na upepo haujahesabiwa. Kwa kambi kama hiyo, tafuta mfuko ambao starehe yake inafika nyuzi 5 hadi 10 chini ya sufuri. Ikiwa wewe ni mwembamba, una umri mkubwa, au ni mtu wa kusikia baridi upesi, chukua ulio na joto zaidi.

Kumbuka pia kwamba mfuko hautengenezi joto. Huhifadhi lile unalolitoa mwilini, kwa kunasa hewa katikati ya manyoya au nyuzi zake. Manyoya laini ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowa hushikana na joto hutoweka. Nyuzi za poliesta ni nzito kidogo, ila hustahimili unyevu na bei yake ni nafuu. Kwa mlima wetu wenye mvua nyingi, mtu anayepanda mara ya kwanza sioni aibu akichukua poliesta. Vyovyote vile, mfuko ufungwe ndani ya kifuko kisichopitisha maji kabla ya kutiwa kwenye mzigo.

Wale wanaokodi au kununua mitumba wasione haya kuukagua mfuko. Utandaze, uukung'ute, kisha ungoje dakika kadhaa. Ukibaki bapa kama shuka, umechoka, uache. Uinue kwenye mwanga uone kama kuna sehemu zilizobaki kitambaa kitupu. Jaribu zipu mara tatu. Hakikisha una kofia ya kufunika kichwa. Ingia ndani: usikubane, wala usiwe mpana kupita kiasi, maana nafasi tupu nayo itataka kupashwa joto na mwili wako.

Jambo jingine linalosahaulika ni godoro. Ukilala, uzito wako huuponda mfuko upande wa chini, hewa ikatoka, na ardhi ikakunyonya joto. Bila godoro la sponji ngumu au la kujazwa hewa, hata mfuko wa bei ghali hautakufaa.

Kabla ya kulala, kula ushibe, vaa soksi kavu, na ukibanwa na mkojo toka ukajisaidie. Usiingize uso ndani ya mfuko, kwa kuwa pumzi zako zitaulowesha. Na pombe usiiguse! Huleta damu kwenye ngozi ukadhani umepata joto, kumbe joto ndilo linakukimbia.

Mwenzako akianza kujikwaa, kubabaika maneno, au akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hiyo ni dharura. Mkaushe, mfunike, na mpe kinywaji moto chenye sukari ikiwa tu yuko macho na anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu. Omba msaada, na ateremshwe mara inapowezekana kwa usalama. Kuchanganyikiwa huko pia huenda kukawa dalili ya ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko, nayo dawa yake ya kwanza ni kushuka.

La mwisho linanikera moyoni. Usiku ule wa Shipton, mpagazi aliyebeba mzigo wangu alikuwa amejifunika blanketi moja. Mwili wake si wa chuma. Hushikwa na baridi ileile inayotushika sisi. Unapolipia safari, uliza wapagazi watalala ndani ya nini, na usipopata jibu la kuridhisha, tafuta kampuni nyingine. Hayo ni maswali mawili tu, na yote yaulizwe mkiwa bado Nairobi, ambako duka la kubadilishia mfuko liko karibu.