TUIULIZE MASHINE KABLA YA KUIHUKUMU

Katika shule zenye chumba cha kompyuta iko desturi moja ambayo mimi naona yafaa tuiache. Mashine ikiwashwa asubuhi ikasema kwamba haioni diski, mara moja hupitishwa hukumu mojawapo kati ya mbili: ama diski imekufa, basi inunuliwe nyingine, ama mashine ipigwe windo, kama wasemavyo mafundi wa mtaani, yaani vyote vilivyomo vifutwe na mfumo uwekwe upya. Hukumu ya kwanza yala fedha za shule. Ya pili yala kazi za wanafunzi. Na mara nyingi diski yenyewe haina kosa lo lote.

Kwanza tuelewe jinsi kazi inavyokwenda ndani ya mashine. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, haisemi na diski ana kwa ana. Katikati yao kuna kidhibiti cha diski, na kidhibiti hicho hakifanyi kazi bila kiendeshi, ambacho mafundi wa Kariakoo hukiita draiva. Kiendeshi ni programu ndogo inayojua lugha ya kidhibiti. Sisi tukaao upande wa Temeke, na wenzetu wa Kinondoni, twaijua safari ya pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Basi pantoni ni kidhibiti, nahodha ni kiendeshi, na Kigamboni ndiyo diski. Mtu akifika Magogoni akakuta pantoni haina nahodha, je, atarudi nyumbani kuwaambia watu kwamba Kigamboni imezama baharini? La, hasha! Atauliza nahodha yuko wapi.

Muhula uliopita mashine moja ya shule yetu, itumiayo mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, ilikataa kuamka. Fundi aliyeitwa kutoka mtaani aliitazama kwa dakika chache akasema diski imekwisha. Ndani ya diski ile zilikuwamo kazi za somo la kompyuta za darasa zima la kidato cha nne. Kabla ya kununua nyingine, mwalimu wetu alituruhusu kuiwasha mashine kwa Linux iliyomo katika flashi, pasipo kuigusa diski. Tukaandika amri «dmesg», ambayo huonyesha yote yaliyosemwa na kiini cha Linux tangu kuamka. Humo kiendeshi kiitwacho ahci kilikuwa kimeandika wazi kwamba kimeona diski moja ya aina ya NVMe iliyofichwa nyuma ya kidhibiti, na kwamba BIOS itolewe katika hali ya RAID iwekwe katika hali ya AHCI ili diski hiyo itumike. Mashine yenyewe ilikuwa imetaja ugonjwa na dawa yake!

Na sababu ilikuwa nini? Ni betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, ambayo huitunzia BIOS kumbukumbu yake wakati umeme umekatwa. Swichi kubwa ya chumba chetu huzimwa kila jioni, na betri ilikuwa imechoka. BIOS ikasahau mpango tuliokuwa tumeiwekea, ikarudi katika hali iliyotoka nayo kiwandani, ambayo kwa mashine ile ni RAID. Betri ikabadilishwa, mpango ukarudishwa, na kazi zote zikaonekana. Kama shauri la kwanza lingefuatwa, shule ingelinunua diski mpya, nayo isingeonekana vile vile.

Hivyo mimi nasema kuwe na utaratibu, nao uwe huu. Kwanza, maneno ya kosa yanakiliwe katika daftari kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Pili, tuingie katika BIOS tutazame kama diski yatajwa humo. Ikiwa haitajwi, tukague nyaya na vumbi kabla ya kuulaumu mfumo. Tatu, tuandike amri «lspci -k», ambayo hutaja kila kidhibiti pamoja na kiendeshi kinachokitumikia. Kidhibiti kisichotajiwa kiendeshi ndicho pantoni isiyo na nahodha. Nne, tusome «dmesg». Tano, ikiwa diski yaonekana lakini yasomeka kwa shida, «smartctl» itatueleza afya yake, na hapo ndipo tunapoweza kusema kwa haki kwamba diski inakufa. Kisha tubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, ili tujue lipi lililoponya.

Liko na kosa jingine ambalo huwaogopesha wengi. Jana mashine ilikuwa nzima. Usiku kiini kipya kikawekwa. Leo inakwama penye neno initramfs. Hiyo initramfs ni mfuko mdogo wa viendeshi ambao kiini huubeba kabla ya kuifikia diski. Ikiwa kiendeshi cha kidhibiti hakimo mfukoni, kiini hakiwezi kuifungua diski ambamo viendeshi vingine vimewekwa. Ni kama mtu aliyeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Lakini Ubuntu kwa kawaida huhifadhi kiini cha zamani. Katika orodha ya kuwashia iitwayo GRUB tukichague kile kilichokuwa kikifanya kazi, kisha tuujenge mfuko upya kwa «update-initramfs -u -k all». Hapana haja ya kufuta barua hata moja.

Najua baadhi ya walimu watasema kwamba wanafunzi wakiruhusiwa kufanya haya wataharibu mashine. Hofu hiyo ina sababu, lakini amri nilizozitaja za kuchunguza husoma tu. Hazifuti cho chote. Penye hatari ni kubadilisha mipango, na hapo mwalimu na asimame karibu. Kwa mfano, mashine yenye Windows ikitolewa ghafla katika RAID na kuwekwa AHCI bila kutayarishwa, Windows hiyo yaweza kukataa kuamka. Ndiyo sababu mpango wa kwanza lazima uandikwe kabla ya kuguswa.

Wengine watasema afadhali tuiache Linux kabisa, maana ina taabu. Hao nawajibu kwamba taabu hii si ya Linux peke yake. Katika kompyuta nyingi za mkononi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, hata Windows inapowekwa upya husema haioni diski mpaka ipewe kiendeshi cha kidhibiti kiitwacho VMD. Tofauti ni kwamba Linux ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na aliye na bidii aweza kusoma kiendeshi kimeandikwaje. Linus Torvalds alipoianza mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Na hapa kwetu, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa sababu maandishi yake yalikuwa huria. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Vilivyoundwa na watu hujifunzwa na watu.

Basi naomba mambo matatu. Kwa walimu: kila mashine na iwe na daftari lake, ambamo mtaandikwa hali ya BIOS, toleo la mfumo, na kila kosa pamoja na dawa yake, na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wapewe zamu ya kulitunza. Kwa wanafunzi wenzangu: kila Ijumaa tunakili kazi zetu katika flashi, maana hata utaratibu mzuri hauwezi kuifufua diski iliyokufa kweli. Kwa wazazi, ambao nao huambiwa na mafundi kwamba diski ya nyumbani imekwisha: kabla ya kutoa fedha, mwulizeni fundi swali hili moja, «Kidhibiti kinatumia kiendeshi gani, na umekijuaje?» Akiweza kuwaonyesha jibu lake katika kioo cha mashine, mlipeni. Akishindwa, subirini kwanza. Watoto wenu watakapokuja likizo wataitazama.