Mama mhamiaji akumbukwe kwa kazi aliyoifanya

Mama aliyehamia nchini kutoka ng'ambo anapofariki, maneno ya msibani huwa karibu yale yale: alikuwa mpole, alilea vizuri, alipenda watu. Ni maneno mema na marehemu huyastahili, lakini yakishasemwa hayaachi kitu ambacho kizazi kijacho kinaweza kujifunza. Wahenga walituusia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumekuwa hodari wa kumpa mgeni jembe, ila wazito wa kuandika shamba alilolilima. Mama wa namna hii anatendewa haki pale tu utumishi wake unapoingizwa katika historia ya nchi, kwa jina, mahali na mwaka.

Mfano ni Sophia Mustafa. Alizaliwa India mwaka 1922, akakulia Nairobi, na mwaka 1948 akahamia Arusha na mumewe, mwanasheria Abdulla Mustafa. Mwaka 1958, akiwa mke na mama wa familia, aligombea Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa Jimbo la Kaskazini akiungwa mkono na TANU, chama kilichopigania uhuru. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na akimwacha yeyote kati yao kura yake iliharibika. Kwa hiyo mama huyu alihitaji imani ya watu wasio wa jamii yake, na aliipata. Tena aliitumikia siasa ya TANU wakati chama hicho kilikuwa bado hakijafungua milango kwa wanachama wa rangi zote. Kilifanya hivyo mwaka 1963. Mwaka 1961 alichapisha kitabu, The Tanganyika Way, akieleza safari ya nchi kuelekea uhuru. Alifariki Kanada mwaka 2005. Ni vijana wangapi wa Arusha leo wanalijua jina lake?

Wapo watakaosema Waasia wengi wakati ule walijitenga, na kwamba biashara ya maduka ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwao. Ni kweli, na historia isiufiche ukweli huo. Lakini aliyevuka mpaka huo akajiunga na wenzake asihukumiwe kwa waliobaki ng'ambo ya pili. Wengine watauliza kwa nini tuwakumbuke wahamiaji ilhali mwenyeji kama Bi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake kuingia TANU tangu mwaka 1955, naye alipuuzwa kwa miaka mingi. Nakubali kwamba alipuuzwa. Hata hivyo, dhuluma hizo mbili zina chanzo kimoja: tumeiandika siasa yetu kama mikutano ya wanaume, tukawaacha nje wanawake walioibeba. Ukimrudishia heshima mmoja wao, humpunguzii mwenzake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumsifu mama kwa kujitolea kunaweza kuwa njia ya kuhalalisha mzigo aliotwishwa. Mama mhamiaji hulea bila shangazi wala bibi karibu, huhudumia jirani, na mara nyingi hakuna anayemlipa. Ndiyo maana nasisitiza kazi itajwe kwa ukamilifu wake. Sifa tupu hufunika mzigo. Kumbukumbu yenye maelezo huuonyesha, na huwafanya waume, watoto na serikali waone sehemu wanayodaiwa.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na wazao wao, wengi wao wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Miongoni mwao wamo akina mama waliogeuza mapori kuwa mashamba na kulea watoto ambao leo ni wapigakura wenzetu. Wazee hao wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Walimu wa historia wawatume wanafunzi wakawahoji, halmashauri zihifadhi majibu yao, na misikiti na makanisa yaandike waliyoyafanya wakiwa bado hai. Tusisubiri matanga ndipo tuulize mama huyu alikuwa nani.