Kiwanda cha Silaha na Daftari Lake

Wapo watu, na baadhi yao wamesoma sana, wanaoshikilia kwamba nchi isiyounda silaha zake yenyewe haina heshima mbele ya wenzake. Hututajia mataifa yenye makombora yanayovuka bahari, kisha huuliza, sisi tuna nini? Kiwanda cha Mzinga pale Morogoro, husema, hakitoshi. Kipanuliwe, kiunde vitu vya kutisha. Nikiwauliza habari ya kuvivunja vitu hivyo vikichakaa, hunitazama kama mzee aliyesinzia kikaoni. "Hayo ni mambo ya mikataba, Mwalimu."

Haya, na tuitazame hiyo mikataba. Uko mji nchini Urusi, karibu na milima ya Ural, uitwao Votkinsk. Ndiko alikozaliwa Tchaikovsky, mtunzi mashuhuri wa muziki. Mji huo una kiwanda kikubwa ambacho kwa miaka mingi kimeunda makombora, na wakati huo huo mashine za kufulia nguo. Kiliunda kombora la SS-20, lililobeba vichwa 3 vya nyuklia na kuitia Ulaya nzima hofu. Tarehe 8 Desemba 1987 Gorbachev na Reagan walitia saini mkataba wa kuyateketeza makombora ya ardhini ya masafa ya kati, na kufikia katikati ya mwaka 1991 yalikuwa yameteketezwa 2,692, na kati ya hayo 1,846 yalikuwa ya Wasovieti.

Wengi husifu saini zile. Mimi nasifu lango. Maana kiwanda hakikufungwa. Kiliendelea kuunda kombora jingine, Topol, la masafa marefu zaidi, ambalo mkataba ule haukulikataza. Kombora kubwa huundwa kwa vipande vinavyopandana, kila kimoja na injini yake, na kipande cha chini cha SS-20 kilifanana mno na kile cha Topol. Nani angejua kilichotoka kiwandani ni kipi? Kwa hiyo Wamarekani wapatao 30 waliruhusiwa kukaa nje ya lango la Votkinsk, mchana na usiku, masika na kiangazi, na kule theluji yao si mchezo. Behewa au gari lenye urefu wa kutosha kubeba kombora likitoka, walilisimamisha na kulipima. Mara 8 kwa mwaka waliweza kutaka kasha la kombora lifunguliwe. Wasovieti nao waliweka watu wao Magna, katika jimbo la Utah, kwenye lango la kiwanda cha Marekani. Mkataba huo uliwaweka pale miaka 13, hadi 2001, na mwingine ukawabakiza Wamarekani Votkinsk hadi Desemba 2009.

Walipoondoka, ikawaje? Marekani na Urusi zikalaumiana, na tarehe 2 Agosti 2019 mkataba wa 1987 ukafa rasmi. Kiwanda kipo palepale. Makombora yake ya Iskander yamekuwa yakiangukia miji ya Ukraine tangu 2022. Wafanyakazi ni wale wale na watoto wao, hawakugeuka kuwa wabaya mwaka 2009, kama vile hawakugeuka malaika mwaka 1988. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena mgeni langoni mwenye kipimo mkononi.

Nimekuwa mwalimu mkuu. Katika shule ya msingi kila jembe, kila boksi la chaki, huandikwa katika daftari la mali: limeingia lini, limetoka lini, limechakaa lini, nani ameshuhudia likiteketezwa. Mkaguzi akija huhesabu kwa kidole, na jembe moja likipungua, mwalimu mkuu hujieleza. Najiuliza kwa nini jembe la mpini mbovu lihesabiwe kwa ukali kuliko bomu.

Msinielewe vibaya. Nilikuwa mtu mzima Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, na sisemi jeshi letu lipigane kwa fimbo. Lakini sisi wa Nalasi tuko karibu na Ruvuma, na ng'ambo ya mto ule tunajua gharama ya kitu kilichoundwa bila hesabu ya kukiondoa. Wareno walitega mabomu ardhini walipopigana na FRELIMO kuanzia 1964. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaongeza. Amani ilitiwa saini Oktoba 1992, nayo Msumbiji haikutangazwa kuwa huru na mabomu yaliyojulikana hadi Septemba 2015. Miaka 23 ya kupekua udongo kwa kitu ambacho kiwandani hugharimu dola chache.

Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO. Huku kwetu panya huyo ni adui wa karanga, na wapo wanaomfanya kitoweo. Ndiye anayenusa baruti na kuokoa miguu ya watu. Mji mmoja, basi, una kiwanda cha risasi na shule ya panya wa kutegua mabomu! Nchi yetu yenyewe, kati ya 2003 na 2004, iliteketeza mabomu ya ardhini zaidi ya 22,000 yaliyokuwa ghalani. Kwa hiyo kuhesabu tunaweza, tukitaka.

Tusipotaka, huwa kama Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la kambi ya jeshi lililipuka katikati ya makazi ya watu, wakafa zaidi ya 20. Miaka 2 haijatimia, tarehe 16 Februari 2011, likalipuka la Gongo la Mboto, wakafa zaidi ya 20 tena. Hapakuwa na adui. Silaha zetu wenyewe, katika ghala zetu, ziliwaua watoto wetu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kiwanda kikubwa, kabla ya shilingi moja ya mashine mpya, nionyesheni ghala za zile za zamani na tarehe zake za kuchakaa, fungu la fedha la kuziteketeza, na jina la mkaguzi asiyelipwa mshahara na kiwanda wala na kambi, mwenye ruhusa ya kusimama langoni na kusema, "Fungua kasha hilo nilione."